Ndoa Iliyovunjwa Kwenye Ugomvi wa Watu Wengine

Mimi ni msusi, na msusi akitazama picha ya mtu huanzia kichwani. Ndivyo nilivyokutana na Ororo Munroe, yule ambaye Wamarekani humwita Storm. Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1985, nina miaka kumi. Mamangu alikuwa akitandika vitanda katika hoteli moja ya ufuo wa kaskazini wa Mombasa, ng'ambo ya daraja la Nyali. Siku zile manowari za Marekani zikitia nanga Kilindini na mabaharia wakapewa siku chache za kupumzika, hoteli hujaa. Wakiondoka waliacha vipande vya sabuni, viberiti, senti za kwao, na vitabu vya katuni vilivyokunjwa katikati ili viingie mfuko wa nyuma wa suruali. Mama aliruhusiwa kuchukua kilichotupwa. Sabuni tulifulia. Vitabu vilikuwa vyangu.

Kimoja kilikuwa kimepoteza jalada. Ndani yake kulikuwa na mwanamke mweusi, mrefu, anatembea peke yake nyikani, na nywele zake ni nyeupe kama pamba, zimenyolewa pande mbili na kuachwa katikati, mtindo ambao jirani zetu Watanzania huuita kiduku. Sikuwa nimewahi kuona mwanamke aliyechorwa hivyo. Kiingereza changu kilikuwa kidogo, basi kaka yangu alinisomea akinifasiria sentensi moja moja. Mwanamke huyu alikuwa akiamuru mvua, radi na upepo, lakini nguvu hizo amenyang'anywa. Yuko Afrika, hana kitu. Anakutana na mama mjamzito aitwaye Shani, anarudi naye kijijini kwao ambako ukame umemaliza watu. Mtoto anazaliwa hapumui, na Ororo anamsaidia mpaka anavuta pumzi. Sikuona jambazi wa kupigwa ngumi katika kitabu kile. Niliona uzazi, njaa, na mzee wa kijiji anayejua zamu yake ya kuondoka imefika.

Shani! Mtaani kwetu walikuwako wawili wenye jina hilo. Na huyo Ororo, ambaye katuni zinasema jina lake maana yake ni uzuri, masikioni mwangu alikuwa nyororo, laini, kitu cha kushikwa kwa upole. Baadaye nikaja kujua kwamba mamake, N'Daré, ameandikwa kuwa binti wa mfalme kutoka Kenya, babake ni mpiga picha wa Harlem, na wote wawili walikufa Cairo nyumba ilipoangukiwa na ndege. Mtoto akabaki chini ya kifusi, akalelewa na wezi, akatembea kwa miguu kuja huku kwetu. Kwa msichana wa Kisauni hilo lilitosha. Alikuwa wetu, na nimemfuata kwa miaka arobaini.

Toleo lile, nilijua nikiwa mtu mzima, lilikuwa namba 198 la Uncanny X-Men, limeandikwa na Chris Claremont na kuchorwa na Barry Windsor-Smith. Claremont aliwaandika X-Men, kundi la Ororo, kuanzia 1975 hadi 1991. Miaka kumi na sita, mkono mmoja! Ndiyo maana Ororo aliponyoa nywele mwaka 1983, wasomaji walijua kwa nini amenyoa. Aliponyang'anywa nguvu zake mwaka uliofuata, alikaa bila hizo kwa miaka, akajifunza kutembea tena kama binadamu wa kawaida, na bila hata umeme mmoja mkononi akamshinda mwenzake Cyclops katika pambano la kuamua nani aongoze kundi. Jambo lilimtokea, likamkaa, likamgeuza.

Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu siku hizi husemwa kwamba mashabiki wa katuni za mashujaa hawaridhiki: kikibadilika kitu wanalia, kisipobadilika wanapiga miayo. Mimi nakaa na mashabiki. Saluni yangu ina benchi moja ndefu, na mpwa wangu anayesoma chuo hapa Mombasa huja na wenzake Jumamosi kwa sababu kuna feni na intaneti. Nawasikiliza huku nikisuka. Malalamiko yao, ukiyachuja, ni moja tu, nalo ni langu pia: shujaa wako anapatikana na makubwa katika nyumba ambayo si yake, kwa sababu ambazo si zake.

Kila mwaka, na pengine mara mbili kwa mwaka, kampuni mbili kubwa za Marekani, Marvel na DC, huwakusanya mashujaa wao wote katika hadithi moja kubwa. Benchini kwangu tunaziita shughuli. Kwetu pwani neno hilo halihitaji maelezo. Shughuli ina mchango, ina sare, na usipokwenda, wiki nzima utaambiwa ulikosa. Hadithi hizi ni hivyo hivyo. Kuna mfululizo mkuu, kisha vitabu vya kila mwezi vya mashujaa mmoja mmoja navyo huvutwa mle ndani, na msomaji wa shujaa mmoja anajikuta amefungua toleo ambalo nusu yake haielewi mpaka anunue mengine matano.

Zilianza kwa biashara, wala hilo halikufichwa. Mwaka 1984 kampuni ya wanasesere ya Mattel ilitaka kutengeneza wanasesere wa mashujaa wa Marvel, ikataka na hadithi ya kuwauzia. Jim Shooter, aliyekuwa mhariri mkuu, akaandika Secret Wars, matoleo 12. Jina lenyewe lilichaguliwa kwa sababu Mattel ilikuwa imewapima watoto ikaona maneno hayo mawili yanawavuta. Ororo yumo katika hadithi ile. Lakini Mattel ilipowatoa wanasesere wake, hapakuwa na mwanamke hata mmoja, si Ororo wala mwingine. Mwaka uliofuata DC ikaja na Crisis on Infinite Earths ya Marv Wolfman na George Pérez, nayo pia matoleo 12, ambamo Supergirl na Flash walikufa. Ile ilikuwa kazi ya watu waliojua wanabomoa nini. Nimeisoma mara tatu, na kifo cha Supergirl bado kinaniliza.

Zilipouza, zikawa desturi, na mpwa wangu ndiye aliyenieleza kwa nini haziachwi. Maduka ya katuni ya Marekani huagiza vitabu miezi kadhaa kabla, na mara nyingi visiponunuliwa havirudishwi. Mwenye duka anabaki navyo. Basi anapoangalia orodha ya mwezi, anajiuliza kipi hakitamlalia rafuni. Hadithi tulivu kuhusu mwanamke na ukame ni bahati nasibu. Hadithi inayotangazwa kwamba ndani yake mmoja atakufa na hakuna kitakachobaki kama kilivyokuwa, hiyo anaagiza bila kuwaza. Mwaka 1992 DC ilimuua Superman, na toleo lile likauzwa kwa mamilioni. Somo hilo halijasahaulika mpaka leo.

Sasa niseme lililoniuma.

Mwaka 2006 Ororo aliolewa na T'Challa, mfalme wa Wakanda, Black Panther mwenyewe. Mteja wangu mmoja aliyekuwa akiishi Uingereza aliniletea kitabu kile, namba 18 cha Black Panther, mwandishi Reginald Hudlin. Nilikishika kama kadi ya mwaliko. Wapo walioiita ndoa ya kibiashara: Waafrika wawili wa Marvel wenye majina makubwa wameunganishwa ili kitabu kiuze. Huenda ni kweli. Lakini mbegu yake ilikuwa imepandwa tangu 1980, katika hadithi fupi iliyoonyesha kwamba walikutana wangali vijana, Ororo akiwa njiani, yatima, hana viatu. Mimi nilikubali posa. Na harusi yenyewe ilifanyika katikati ya shughuli, Civil War, mashujaa wakiwa wamegawanyika kambi mbili. Nilikubali hilo pia, kwani hata kwetu watu huoana mwaka wa uchaguzi.

Kisha 2012 ikaja Avengers vs. X-Men. Waandishi watano, toleo la utangulizi, matoleo 12 makuu, matoleo 6 ya pembeni ya kupigana tu, na bado hujahesabu vitabu vya kila mwezi vilivyoburutwa. Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya msichana aitwaye Hope na nguvu ya moto iliyokuwa ikimjia kutoka angani. Mume yuko upande wa Avengers, mke upande wa X-Men. Hapo palikuwa na hadithi! Mume na mke wanaopendana, kila mmoja na watu wake, kila mmoja ameapa. Ningesoma matoleo 12 ya hilo peke yake. Badala yake Namor, aliyekuwa upande wa wenzake Ororo, aliifurikisha Wakanda kwa maji, na Ororo alipokwenda kusaidia, mumewe akamwambia kwamba kuhani mkuu wa ukoo wa Panther ameshaibatilisha ndoa yao. Kuhani mkuu wa ukoo huo ni yeye mwenyewe T'Challa. Ukizihesabu kurasa zile kwa vidole vya mkono mmoja, vidole vinabaki. Kisha hadithi ikageuka kwenda kupigana kwingine.

Nilikisoma saluni, mchana, mteja akiwa kitini. Mkono wangu ulisimama.

Watu husema: ndoa huvunjika, dada, hata za kweli. Mimi ndiye wa kuambiwa hivyo? Kiti changu kimekaliwa na wanawake walioachwa kwa barua, kwa simu, kwa ujumbe wa maandishi, na walioacha wenyewe wakaja kusuka mistari mipya asubuhi yake. Nimesikiliza mwaka baada ya mwaka, na sijamsikia hata mmoja ambaye talaka yake haikuwa na historia. Kulikuwa na mama mkwe, kulikuwa na safari ndefu, kulikuwa na mtoto aliyekosekana, kulikuwa na neno lililosemwa Idi ya mwaka juzi. Ndoa hufa kwa mambo yake. Ya Ororo iliuawa na mafuriko ya Namor, kwa sababu hadithi ilihitaji T'Challa awachukie wenzake mkewe kufikia toleo la tisa. Ilimchukua mwandishi mwingine, Ta-Nehisi Coates, aliyeanza kuandika Black Panther mwaka 2016, kuwarejesha wale wawili karibu polepole, wakazungumza kama watu wenye mambo baina yao. Kilichobomolewa kwa kurasa chache kilihitaji miaka kushonwa.

Binti wa dada yangu naye alipata lake. Yeye wa kwake ni Kamala Khan, Ms. Marvel, msichana Mwislamu wa Jersey City, wazazi wake kutoka Pakistan, aliyepata kitabu chake mwaka 2014 kwa kalamu ya G. Willow Wilson. Sisi nyumbani tulikipenda kitabu kile. Kamala anakwenda msikitini, anagombana na babake kuhusu kutoka usiku, ana kaka anayesali kuliko wote nyumbani. Mwanangu huyo aliona nyumba inayofanana na yetu. Basi Mei 2023 Kamala akafa. Hakufia katika kitabu chake, kwani wakati huo hakuwa na mfululizo wa kila mwezi. Alifia katika toleo namba 26 la Amazing Spider-Man, ambako alikuwa amepewa nafasi ndogo ndogo tu. Na alipochomwa, alikuwa amejibadilisha sura afanane na Mary Jane, mpenzi wa zamani wa Spider-Man, ili amwokoe. Msichana yule alikufa akiwa amevaa uso wa mwanamke mwingine, katika kitabu cha mtu mwingine. Kabla Julai haijaisha alikuwa amefufuliwa, safari hii ndani ya shughuli ya X-Men.

"Mama mkubwa," mtoto aliniambia, "hata hawakumwacha afe vizuri."

Hakuwa analilia kifo. Kwenye kanga za bibi yake amekulia misiba, anajua matanga ni nini na eda ni nini. Alichokosa ni muda wa kuomboleza.

Mpwa wangu hakubaliani nami, na ni haki nimlete mbele ya baraza. Yeye husema, "Shangazi, bila shughuli kila shujaa ni kisiwa. Utamu wa ulimwengu huu ni kwamba jirani anaweza kubisha hodi." Na ananiwekea mezani Secret Wars nyingine, ya 2015, ya Jonathan Hickman na Esad Ribić. Hapo sina la kumjibu. Hickman alikuwa ameanza kuwaandika Avengers mwishoni mwa 2012, na kwa karibu miaka mitatu aliwaonyesha watu wenye akili kuliko wote, T'Challa akiwa mmoja wao, wakiamua kuharibu dunia nyingine ili yao isalie, uamuzi baada ya uamuzi, mpaka hawawezi tena kutazamana. Dunia zote zilipokwisha na Doctor Doom akajitangaza mungu juu ya vipande vilivyobaki, uliona kila jiwe lilipotoka. Shughuli ile ilikuwa ni mavuno ya shamba lililolimwa. Naongeza nyingine ambayo yeye haipendi sana: X of Swords ya 2020, sehemu 22, ndefu mno, lakini Ororo alipotakiwa alete upanga, upanga ule ulikuwa Wakanda, kwa wakwe zake wa zamani. Akaenda, akaomba, akanyimwa, akauchukua. Hadithi kubwa ilimpeleka mahali ambapo kidonda chake kiko. Hilo silo ninalolalamikia.

Nikimwambia hivyo hucheka, anasema basi tunasema jambo moja. Hatusemi jambo moja. Yeye anasubiri shughuli nzuri ijayo, na mimi nahesabu zile za katikati, Civil War II, Secret Empire, King in Black na nyinginezo, na kila moja imemkatiza mtu maneno. Mwaka 2014 Ororo alipata mfululizo wa kudumu wa jina lake kwa mara ya kwanza, miaka 39 baada ya kuzaliwa kwenye karatasi. Greg Pak aliuandika, Victor Ibáñez akachora. Matoleo 11 tu, ukaisha 2015, mwaka uleule ambao hiyo Secret Wars anayoipenda mpwa wangu ilisimamisha karibu vitabu vyote vya Marvel. Kwa hiyo hata mavuno mazuri yalikanyaga mche wangu.

Tazama wasomaji wenyewe wamekimbilia wapi. Januari 2024 Marvel ilitoa Ultimate Spider-Man mpya, ya Hickman huyohuyo na Marco Checchetto. Peter Parker humo ni baba wa watoto wawili, ameoa, na mwezi ukipita kwetu unapita na kwake. Oktoba mwaka huo DC ikatoa Absolute Batman ya Scott Snyder na Nick Dragotta: Bruce Wayne hana jumba wala mabilioni, ni mhandisi, na mamake yu hai. Vijana wa benchini kwangu ambao hawakuwahi kugusa Batman wanakisoma kwa zamu kwenye simu moja. Niliwauliza kwa nini. Mmoja akajibu kwamba humo shujaa akipatikana na jambo, yeye msomaji anajua limeandikwa na nani na litajibiwa palepale. Nilitaka kumpunguzia bei ya kunyoa.

Bei nayo ni neno. Toleo la Secret Wars ya kwanza lilikuwa senti 75 za Marekani. Leo toleo la shughuli huwa karibu dola 5, na la ufunguzi mara nyingi huzidi. Hiyo ni pesa ya kusuka kichwa cha mtoto, nawe unaitoa ili ujue yaliyompata mtu uliyekuwa ukimsoma tayari.

Oktoba 2024 Ororo alipata kitabu tena, na mwandishi alikuwa Mnaijeria, Murewa Ayodele, mchoraji Lucas Werneck. Nywele! Werneck anazichora kama mtu aliyewahi kukaa saluni. Zina uzito, zina mwelekeo, mvua ikinyesha zinalowa. Ayodele anampa ukubwa wa radi na pia anampa mwili unaougua. Nilikisoma kwenye simu kilipochelewa, nikiwa nimefunga mlango, na kila nilipofungua ukurasa wa kwanza nilitazama pembe ya jalada kuona kama kuna nembo ya shughuli. Sipendi kuwa msomaji wa namna hiyo.

Ningepewa nafasi ya kuomba kitu kimoja kwa wahariri wale, nisingewaomba wamrudishe kwa mumewe. Ningewaomba toleo moja, kurasa 20, bila dunia kutishiwa. Kwetu, mume na mke wasipoelewana, kabla ya talaka huitwa kikao cha suluhu: mmoja kutoka kwa watu wa mume, mmoja kutoka kwa watu wa mke. Upande wa T'Challa akae Ramonda, mamake wa kambo. Upande wa Ororo, ambaye hana baba wala mama, akae mtu kama Ainet, kuhani aliyemlea alipofika Kenya akiwa mtoto anayenuka vumbi la njiani. T'Challa aje bila barakoa. Aulizwe ni kwa kosa gani la mkewe, maana lile lilikuwa la Namor. Ororo naye aulizwe alikuwa wapi nchi ya mumewe ilipozama, ajibu kwa kinywa chake mwenyewe. Wazee wasikilize hadi mwisho, chai ipoe. Akitoka pale ameachika, nami nitakubali kwamba ameachika.